Msusi wa Yeoville na Mlima wa Theluji

Falonne Nabintu hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Saluni nzima ilijua. Wenzake wa mtaa wa Rockey, hapo Yeoville, walikuwa wakivua viatu jioni na kusugua nyayo, wakilalamika kwamba kusuka kumewamaliza. Yeye miguu ilimuuma akikaa. Mteja akichelewa, Falonne alifagia nywele ambazo zilishafagiliwa. Akiisha kufagia alitoka nje, akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini, akarudi ndani kana kwamba kuna mtu aliyemkosa.

"Falo, wewe ulizaliwa ndani ya basi?" Glody alimwuliza siku moja. Glody alikuwa kinyozi, kiti chake karibu na mlango, na mdomo wake haukufungwa hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu.

"Nilizaliwa Bukavu, kitandani, kama watu."

"Basi kitanda kilikuwa na magurudumu."

Ukifuata njia aliyopitia, Glody hakuwa amekosea sana. Bukavu Falonne alitoka mbio, siku risasi zilipofika mtaa wao, kandambili mguuni na nguo ya mwilini, basi. Uvira, Kigoma, Mbeya, Lusaka, Harare. Katika kila mji alijifunza mtindo mmoja wa kusuka na namna moja ya kusema samahani, na kila mji aliuacha bila kuaga mtu. Johannesburg ndio mji wa kwanza uliomshika. Alipata kiti saluni, akapata chumba chenye dirisha, akamleta mama yake, Maman Léocadie, akadhani sasa moyo utatulia. Wapi! Alianza kupanga upya vitanda kila Jumapili.

Ndipo akaingia Lerato.

Alikuwa mwanamke mrefu, na uso wake ulikuwa wa rangi mbili: mashavu na pua vimeungua na jua mpaka vinabanduka, lakini kuzunguka macho ngozi iko laini na nyeupe kidogo, kama amevaa miwani isiyoonekana. Glody alimtazama mpaka akasahau mteja wake. Lerato akaketi, akasema kwa Kiswahili safi cha Tanzania:

"Dada, nisuke twende kilioni. Zibane vizuri, zikae chini ya kofia ngumu mwezi mzima."

Falonne alicheka. Msouth anayejua twende kilioni! Kumbe baba yake alikuwa mmoja wa wale wakimbizi wa siasa waliopelekwa Morogoro enzi za ubaguzi. Huko akaoa Mluguru, na Lerato akazaliwa huko huko, akaletwa Johannesburg akiwa bado anang'ang'ania mgongo wa mama, ambaye hakuacha Kiswahili chake.

"Mwezi mzima bila kuosha kichwa?" Falonne aliuliza.

"Kule maji yanaganda ndani ya chupa. Utaosha na nini?"

"Kule wapi?"

"Nepal. Napeleka watu milimani. Ndiyo kazi yangu."

Falonne akaanza kusuka, na maswali yakamtoka. Wanalala wapi? Kwenye hema, juu ya theluji. Na choo? Usiulize. Na hewa? Hewa ni kidogo, unapiga hatua unapumua, unapiga nyingine unapumua, kama bibi mwenye pumu. Na mkifika juu kabisa mnafanya nini?

"Tunapiga picha," Lerato alisema. "Halafu tunashuka."

"Halafu?"

"Basi."

Mikono ya Falonne ikasimama katikati ya msuko. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wanaotembea kwa sababu kuna kitu nyuma yao: askari, njaa, mwenye nyumba. Hajawahi kusikia watu wanaotembea mpaka mwisho wa pumzi na nyuma yao hakuna kitu. Alimaliza msuko ule kimya. Glody baadaye aliapa kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona Falonne amenyamaza akiwa mzima.

Saluni haifunguliwi Jumatatu. Jumatatu iliyofuata, kabla Lerato hajasafiri, Falonne alimkuta kama walivyoahidiana kwenye ngazi za Westcliff, zile ngazi za mawe zinazopanda kilima katikati ya majumba ya matajiri, ambako watu wa mazoezi hupanda na kushuka kama wamelaaniwa. Falonne alikuwa amebeba mgongoni mfuko wa unga wa pap, ugali wa huko, kwa kuwa aliambiwa alete mzigo na hakuwa na mzigo mwingine. Alipanda mbio. Alishuka mbio. Wazungu waliovaa nguo za kubana walimpisha.

"Polepole," Lerato alisema.

"Nikienda polepole nachoka."

Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya safari ninayoisimulia. Tangu hapo Jumatatu zote zikawa za Lerato. Walikwenda Magaliesberg, wakajifunza kamba. Walikwenda Drakensberg kipindi cha baridi, Falonne akavaa viatu vyenye meno ya chuma na kutembea juu ya barafu, akapiga kelele za furaha mpaka jiwe likaporomoka mahali fulani na Lerato akamziba mdomo. Mwaka uliofuata alifika juu ya Kilimanjaro na kundi la Lerato, wa kwanza kati yao, akatapika, akacheka.

Kisha siku moja Lerato alikuja saluni bila kutaka kusukwa.

"Naunda kundi la wanawake," alisema. "Tunakwenda Mera, Himalaya. Zaidi ya mita elfu sita. Wafadhili wamebeba kila kitu, mpaka soksi. Mmoja wetu amevunjika mguu, na nafasi iko wazi. Nakutaka wewe."

Glody akazima mashine yake ya kunyolea. "Eish," akasema. "Falo, huko ni kwa wenye bima."

Falonne alishaanza kutafuta koti.

*

Lakini safari hii alitaka jambo ambalo hakuwahi kulipata katika miji yote ile. Alitaka kuondoka ameagwa. Alitaka mama yake amwekee mkono kichwani na kumwambia nenda, ili hata akiwa juu kule kwenye baridi ajue kwamba hakukimbia, ametumwa. Hilo alilitaka karibu sawa na mlima wenyewe.

Na Maman Léocadie hakuwa mtu wa kutoa mkono ovyo. Yeye ndiye aliyeongoza wanawake wa maombi katika kanisa lao dogo, ghorofani, juu ya duka la zamani la magodoro. Akiomba, madirisha yalitetemeka.

"Uko natafuta nini kule?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Mlima, Maman."

"Bukavu milima haikuwepo?"

"Huu una theluji."

"Theluji iko hata kwa friji." Maman Léocadie aliendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. "Nilikuleta duniani, ukakimbia. Nikakufuata mpaka huku, sasa unataka kukimbilia juu. Ukifika juu utakimbilia wapi tena? Utaruka?"

"Nataka mkono wako tu, Maman. Siwezi kwenda bila huo."

Mama akarudi kwenye majani yake. Jani moja, jani jingine.

"Basi tutafunga," alisema. "Mungu eko. Tumwulize yeye. Mfungo kavu, wewe na mimi na wanawake wote. Mnyororo."

Ambaye hajakaa na Wakongo wa makanisa yale anaweza asijue mnyororo ni nini. Wanawake wanafunga pamoja siku tatu, hakuna chakula, hakuna maji, hakuna hata kumeza mate kwa raha. Kila mmoja ni pete moja ya ule mnyororo. Pete moja ikikatika, kwa siri au hadharani, wote wanarudi mwanzo, siku ya kwanza tena. Na kuna sharti la pili, ambalo Maman Léocadie alilikazia kuliko la kwanza: mfungo hautangazwi. Unanawa uso, unapaka mafuta, unakwenda kazini. Mtu wa nje asijue. Ukimwambia mtu umefunga, umekula.

Walianza Jumapili jioni, wafungue Jumatano jioni. Falonne alikuwa na jaribio la mwisho la kupima kifua kwa ajili ya mlima siku ya Ijumaa, kwenye kliniki moja ya wanamichezo upande wa kaskazini wa jiji. Angekuwa ameshakunywa, ameshakula fufu, amelala. Hesabu ilikaa vizuri.

Jumanne, akiwa saluni na ulimi umeganda kama kipande cha ngozi ya kiatu, simu ikalia. Lerato.

"Dada, kliniki wamebadilisha. Jaribio ni kesho asubuhi. Nakupitia. Sharp, sawa?"

Falonne alifungua mdomo. Angeweza kusema, Ijumaa, tafadhali. Lerato angeuliza kwa nini. Angesema nini? Na mbele yake Glody alikuwa anatafuna kota, ule mkate wa kitaani uliojazwa chipsi na soseji ya polony, sosi ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Sharp," Falonne akasema.

"Kamata hata chipsi moja," Glody akamwambia. "Tangu asubuhi sijakuona unatafuna."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, moshi wa mashine?"

Alifikiria kunywa. Alisimama mbele ya bomba la kuoshea nywele akatazama maji yanavyokwenda. Nani angejua? Yeye angejua. Na kama angesema ukweli kanisani, wale wanawake wote wangeanza upya, na miongoni mwao mama yake, mwenye presha, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatembea ameshika ukuta. Falonne akafunga bomba. Akafagia sakafu. Ilikuwa safi.

*

Chumba kile kilikuwa cha kioo, na mashine iliyonguruma pembeni ilikuwa inapunguza oksijeni ya ndani mpaka hewa ikawa kama ile ya mita elfu tano. Ajabu ni kwamba kwa macho huoni kitu. Kuta zilezile, balbu ileile, mtaa uleule nje, mtu anatembeza mbwa. Ni kifua tu kinachojua kwamba umehamishwa. Walimbana kidole kwa kifaa kidogo cha kusoma oksijeni iliyomo kwenye damu, wakamsimamisha juu ya mkanda unaozunguka, mzigo mgongoni, na mkanda ukaanza kupanda.

Falonne alianza vizuri. Alijiambia Mungu atambeba. Kisha miguu ikawa ya mtu mwingine. Kisha akaona taa zinarudi nyuma taratibu, kama watu wanaoondoka mazikoni, na sakafu ikamfuata.

Alipofumbua macho alikuwa amelala, miguu imeinuliwa, na Lerato amepiga magoti kando yake. Daktari, kijana mwenye ndevu chache, alibana ngozi ya mgongo wa mkono wake kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Daktari akamtazama Lerato.

"Falonne," Lerato aliuliza, sauti yake ya kawaida kabisa. "Leo umekunywa maji?"

Mfungo hautangazwi.

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilipoamka."

"Mengi?"

"Mengi."

Wakamletea chupa. Alisema tumbo limechafuka, atakunywa nyumbani. Lerato akaitazama ile ngozi iliyosimama, akaitazama ile chupa, akainuka.

Lerato akamrudisha kwa gari. Kwenye robot ya kwanza, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, taa ilikuwa nyekundu, na hapo ndipo Lerato alipozungumza, macho mbele.

"Kuanguka si kitu. Mimi nimeanguka ndani ya kile chumba. Ningekupa siku nyingine. Lakini kule juu, kila jioni napita hema kwa hema. Nauliza maswali matatu. Umekunywa? Umekojoa? Kichwa kinauma? Sina mashine ya kuingia ndani ya kichwa cha mtu. Nina jibu lake tu. Ukiniambia umekunywa na hujanywa, kesho yake nakupandisha, na kesho kutwa naandika barua kwa mama yako. Siwezi, dada. Nafasi yako nampa mwingine."

Taa ikawa kijani. Falonne alikuwa na ukweli mdomoni, umekauka pamoja na ulimi. Mnyororo ulikuwa bado unaendelea mpaka jioni. Akatazama nje dirishani, akahesabu miti.

Hakwenda saluni. Alitembea. Alipanda Rockey mpaka mwisho, akashuka, akazunguka bustani, akapita mbele ya nyumba yao mara kadhaa bila kuingia. Kizunguzungu kilimshika mara mbili akaegemea ukuta wa watu. Kila alipotaka kukaa, kitu kikamwinua. Safari zake zote za nyuma alikuwa na pa kukimbilia. Leo alikuwa anakimbia ndani ya mitaa ileile, kama panya kwenye ndoo.

*

Jioni walifungulia kanisani, kwa uji mwepesi na maji ya vuguvugu. Midomo ya wanawake ilikuwa imepasuka, macho yanang'aa. Maman Léocadie alimwita mbele.

"Binti yangu atoe ushuhuda. Mungu amesema nini?"

Falonne alisimama na kikombe mkononi. "Wameniondoa," alisema. "Siendi."

Mmoja akasema amina bila kujua kama panafaa. Maman Léocadie akainua mikono.

"Mungu ameongea! Amefunga mlango. Njo vile anafanya, akiona hatari..."

"Si Mungu, Maman." Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Ni Lerato. Na ana haki. Aliniuliza kama nimekunywa maji, nikamwambia nimekunywa. Nikamtazama machoni nikasema nimekunywa mengi."

Mikono ya mama ikashuka.

"Ulidanganya? Ndani ya mfungo?"

"Ulisema hautangazwi."

"Nilisema unyamaze! Kunyamaza na kudanganya ni kitu kimoja?"

"Mtu akikuuliza uso kwa uso, umelala chini, unanyamazaje, Maman? Ulinifundisha kunyamaza. Hukunifundisha la kusema nikiulizwa. Ningesema, mngeanza upya, wewe na presha yako. Ningekuua kwa ajili ya mlima?"

Uji ulianza kufanya utando juu. Maman Léocadie alivuta kiti cha plastiki, akakaa kwa kishindo, mwanamke ambaye waumini hawakuwahi kumwona amekaa wakati wa ibada.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema taratibu. "Njo mimi nilikupatia uongo uubebe."

Asubuhi, Falonne alipoamka, alimkuta mama amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba, mkoba begani.

"Tunaenda kwa huyu mama wa milima. Unaijua nyumba?"

"Ni Observatory, Maman. Ni kilima. Tuchukue teksi."

"Nitatembea. Nilikutuma na njaa, na mimi niende kwa miguu."

Yeoville hadi Observatory si mbali, lakini barabara inapanda bila huruma. Maman Léocadie alianza kwa mwendo wa kijeshi. Kwenye kona ya kwanza akapunguza. Kwenye ya pili akashika lango la watu, mbwa wa ndani akafoka, naye akamfokea.

"Na hii... ndio kitu... unapenda?"

"Hii ni ndogo, Maman."

"Toka hapa!"

Falonne alilazimika kwenda hatua fupi, moja, kisha kusubiri, moja, kisha kusubiri. Ilimtesa. Hajawahi kutembea na mama yake namna ile. Kila mara alikuwa mbele, au katika mji mwingine.

Lerato alikuwa uani, ametandika mahema juani. Alipomwona yule mama mwenye kilemba, jasho likimtoka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bukavu hawana jibu la hiyo. "Jambo, mwanangu," Maman Léocadie akasema, akatafuta pa kukaa, akaketi juu ya pipa la vifaa. "Mimi njo nilimfungisha. Siku tatu, kavu. Na nikamkataza kusema. Uongo ule ni wangu, aliubeba tu. Kama kuna mtu wa kuondoa, niondoe mimi."

Lerato alimtazama Falonne. Falonne alikuwa anatazama kamba moja ya hema, akiikunja na kuikunjua.

"Mama, nashukuru umekuja," Lerato alisema. "Lakini sikumwondoa kwa ajili ya mfungo. Nilimwondoa kwa sababu kule juu siwezi kumwamini."

"Na kama angesema ukweli? Kule juu. Kama angesema, naumwa?"

"Ningemrudisha chini."

"Hata kama kilele kiko pale, unakiona?"

"Hata kama kimebaki cha kukigusa kwa mkono. Na mwongozaji wa Kinepali anakwenda naye, hashuki peke yake."

Maman Léocadie alimkazia macho, kama anavyowatazama watu wanaokuja kuombewa na ambao hajaamua kama wana shida ya kweli.

"Mimi nilidhani unapeleka watoto wa watu kufa ili upige picha," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kurudi." Akamgeukia binti yake. "Wewe! Miaka miwili, hukuniambia kwamba kuna kurudi."

"Hukuuliza, Maman. Uliuliza nakimbilia wapi."

Lerato akafuta mikono kwenye suruali. Yule wa Durban, aliyemwalika kuchukua nafasi ya Falonne, alisema, hajamjibu bado. Kliniki wana nafasi Jumatatu. Atampa Falonne jaribio moja tu, la mwisho. "Kula. Kunywa. Lala. Na nikikuuliza, nijibu."

*

Jumatatu Maman Léocadie alikuja naye, akaketi kwenye korido ya kliniki, mkoba mapajani, akiomba kwa sauti ambayo yeye aliamini ni ya chini. Dada wa mapokezi alishindwa kupokea simu.

Ndani ya kioo, mkanda ukaanza kuzunguka. Falonne alikuwa amekula, amekunywa, amelala kama jiwe siku nne. Alikwenda kwa nguvu. Namba za damu zilikuwa nzuri, daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Falonne akaongeza hatua, kwa sababu ndivyo alivyojua kutembea, kana kwamba kilele kimekaa kwenye ukuta wa mbele na kitahama asipokiwahi.

Zilibaki dakika chache tu ndipo kikaja. Kidogo, nyuma ya jicho la kushoto, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kichwa.

Akaendelea. Ukucha ukawa kidole. Akajiambia ni joto, ni mzigo, ni sauti ya mama inayopenya kioo. Dakika chache. Namba ni nzuri, mashine haijui, daktari hajui. Angemaliza, angetabasamu, angekunywa dawa nyumbani, na angekwenda Nepal. Akisema, hakuna jaribio jingine. Lerato alishasema, moja tu.

Lerato akasogea kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa." Ilikuwa kweli.

"Umekojoa?"

"Ndiyo."

"Kichwa kinauma?"

Mkanda ulizunguka. Falonne alipiga hatua, nyingine, nyingine. Huko korido mama yake alikuwa amefika kwenye amina na hakuikata, aliivuta tu. Jasho likamwingia jichoni, jicho lilelile.

"Kinauma," Falonne alisema. "Kushoto. Kimeanza sasa hivi. Hapana. Kimeanza kitambo, nilikuwa nanyamaza."

Lerato akazima mkanda.

Ukimya wa mashine ile iliyozimwa ulimwangukia Falonne mabegani, mzito kuliko mzigo. Akautua mzigo, akakaa pale pale chini, kwenye mpira wa mkanda, akafunika uso. Hakulia. Alisubiri tu kuambiwa avae viatu vyake aende nyumbani.

Mlango wa kioo ukafunguliwa. Lerato akachuchumaa mbele yake na chupa ya maji.

"Kunywa. Yote. Pumzika. Halafu unarudi juu ya mkanda kwa nusu ya mwendo ule."

"Si umesema jaribio moja?"

"Ndilo hili. Halijaisha. Mimi sipimi mapafu yako, mapafu yako nayajua tangu Westcliff." Akamnyooshea kidole. "Unakwenda mbio mno, dada. Ndiyo maana kichwa kinauma. Mera utakuwa wa mwisho kwenye kamba, na kamba nzima itakwenda kwa mwendo wako, nusu ya huu. Siku nzima. Utaweza?"

Falonne aliwaza kuhusu siku nzima ya hatua moja, kisha kusubiri, na ikamtisha kuliko barafu. "Nitajaribu," alisema, kisha akajisahihisha, kwa kuwa sasa alikuwa ameulizwa. "Sijui kama nitaweza. Sijawahi."

"Hilo ndilo jibu," Lerato alisema, akarudi nyuma ya kioo.

Alirudi juu ya mkanda. Polepole. Ilikuwa dhiki tupu. Kila kiungo kilitaka kukimbia, na alijizuia kwa kuimba moyoni pambio la kanisani lenye mwendo wa mazishi. Maumivu yalipungua, yakawa ukucha tena, yakatulia. Mkanda uliposimama, daktari alifungua mlango, na sauti ya Maman Léocadie ikaingia yote kwa pamoja.

Mama hakusubiri kuambiwa. Alimsoma Lerato usoni, akainuka, mkoba ukaanguka, akaingia ndani ya chumba kile cha hewa haba kwa kilemba chake na kumwekea binti yake mkono kichwani, juu ya nywele zilizolowa.

"Sasa wende," alisema. Akavuta pumzi, akashangaa kwamba haikutosha, akavuta nyingine. "Wende, mwanangu, na ukiumwa useme. Eh! Hewa ya humu imekwenda wapi? Mnalipia hii?"